Begi la kwenda na kurudi: nguo za mlimani wakati wa kiangazi

Somo la mwezi huu kwa wazazi



Kila mwaka ikifika Mei na Juni, simu ya ofisi yetu hulia kwa sababu moja. Mtoto amerudi nyumbani na karatasi. Shule, komini, mituelle au kikundi cha vijana kitampeleka milimani kwa siku saba au kumi, labda Ufaransa, labda Austria. Mzazi anaona neno "montagne", anaona orodha ndefu ya nguo, kisha ananipigia: "Mwanangu, huyu mtoto nimwekee nini?"

Somo hili linajibu swali hilo. Ukilimaliza utajua kwa nini mlimani kuna baridi hata mwezi wa saba, utaweza kusoma orodha ya shule, na utaweza kulijaza begi bila kumaliza pesa za mwezi. Lisomeni pamoja na mtoto, kwa sababu yeye ndiye atakayelibeba.

1. Kiangazi chetu na kiangazi cha hapa

Kwetu kiangazi ni majira ya ukavu. Mtu wa Uvira, Bujumbura au Kigoma akisikia neno hilo anaona vumbi, jua, na mwezi wa saba usio na mvua. Ndiyo maana tukiambiwa mtoto anasafiri wakati wa kiangazi, mkono unakwenda moja kwa moja kwenye fulana na kaptura. Neno lenyewe linatudanganya. Hapa Ulaya, "été" ni majira ya joto, si majira ya ukavu. Julai mvua inanyesha Brussels, na milimani inanyesha pia. Katika milima ya Alpes, mara nyingi asubuhi kunakuwa kweupe, mchana mawingu yanajikusanya, alasiri radi inapiga. Juu ya mita 2,500, hata theluji inaweza kuanguka mwezi wa saba.

Jambo la pili ni urefu wa mlima. Kadiri unavyopanda ndivyo joto linavyopungua: kwa wastani nyuzi 6 hadi 7 kwa kila mita 1,000. Brussels haiko juu sana ya usawa wa bahari. Kama hapa ni nyuzi 26, kwenye njia iliyo mita 2,000 tegemea kama nyuzi 13, na hapo hujahesabu upepo wala mvua. Ubelgiji yenyewe haina mlima wa kutufundisha hayo, maana sehemu yake ya juu kabisa, Signal de Botrange katika Hautes Fagnes, ina mita 694 tu.

Lakini sisi tulifundishwa nyumbani, ila tumesahau. Mimi nilizaliwa Uvira, ziwa mbele yetu na milima nyuma yetu. Watu wa juu waliposhuka sokoni walikuwa na makoti mazito na kofia, nasi watoto wa ziwani, tuliokuwa tunatokwa jasho, tuliwacheka. Hatukufikiri kwamba watu wale waliondoka kwao alfajiri, ndani ya ukungu. Na ndugu zetu wa Goma waliowahi kupanda Nyiragongo wanajua: mjini unatembea na shati, lakini juu, kwenye mita 3,470, usiku unatetemeka.

Wala kuzaliwa chini ya mlima hakumkingi mtu. Huko Moshi, Tanzania, wapagazi wa Kilimanjaro wamepanda kwa miaka mingi na nguo nyepesi na viatu vilivyochakaa, na wako waliokufa kwa baridi. Ndiyo maana shirika la KPAP la pale Moshi huwaazima wapagazi nguo za mlimani bila malipo. Kama mtu mzima mwenye nguvu, anayeujua mlima, anahitaji nguo zinazofaa, sembuse mtoto wa miaka 12 anayeuona kwa mara ya kwanza?

2. Mimi mwenyewe nilivyopata funzo

Nilifika Ubelgiji mwaka 2013, nikitokea kambini Burundi. Kiangazi kilichofuata nilialikwa na kikundi cha vijana kwenda Alpes, upande wa Ufaransa. Siku ya kuondoka Brussels kulikuwa na joto. Nilivaa jinzi yangu nzuri, na kwenye begi niliweka jinzi nyingine, fulana, na sweta moja ya pamba yenye kofia. Nilitaka nionekane mtu nadhifu.

Siku ya tatu tulipanda. Nilikuwa wa kwanza njiani, natokwa jasho, nacheka. Saa nane mchana mvua ikatukuta. Kwa dakika chache jinzi ilinata miguuni, ikawa nzito. Sweta ilinyonya maji kama tambara la kudekia. Upepo ulipoanza nikatetemeka mpaka meno yakagongana. Kiongozi alipouliza kama kuna mtu anasikia baridi, nilikaa kimya. Niliona aibu. Nilifikiri nikisema ndiyo, wataona kwamba mimi ndiye maskini wa kundi, yule asiyekuwa na koti.

Kilichonisaliti ni miguu. Nilianza kujikwaa kwenye mawe madogo. Kiongozi akaniangalia, akanisimamisha, akanivua sweta iliyolowa, akatoa kwenye begi lake sweta kavu ya sufu, kofia, na koti la mvua. Baada ya muda nilianza kupata joto. Nguo zile tatu zilikuwa za kawaida kabisa, wala hazikuwa mpya. Zilikuwa kavu, na zilikuwa za kitambaa kinachofaa, basi.

3. Tabaka tatu

Kinachotunza joto ni hewa iliyonaswa kati ya nguo na mwili. Maji yakiingia mahali pa hewa, joto linatoka mwilini upesi sana. Kwa hiyo kazi ya nguo za mlimani ni kumweka mtoto mkavu, kwa jasho lake na kwa mvua. Koti moja nene haliwezi kazi hiyo. Akipanda atalowa jasho ndani yake, akilivua atapigwa na upepo. Tunampa nguo tatu nyepesi, avae na kuvua mwenyewe.

Tabaka la kwanza hugusa ngozi. Liwe fulana ya michezo, ile ya kuteleza kidogo, ya poliesta, au ya sufu nyembamba. Hutoa jasho nje na hukauka upesi.

Tabaka la pili hutunza joto. Liwe sweta ya sufu au ile ya manyoya mepesi ambayo hapa huitwa "polaire". Sufu ina sifa moja kubwa: hata ikilowa kidogo, bado inatia joto.

Tabaka la tatu huzuia mvua na upepo. Ni koti jepesi la mvua lenye kofia. Kwenye orodha za Ubelgiji huandikwa "K-Way", ambalo ni jina la kampuni, lakini watu hulitumia kwa koti lolote la mvua. Usitafute jina, tafuta koti lisilopitisha maji.

Pamba je? Pamba ni rafiki yetu wa Brussels, lakini mlimani hunyonya maji na kukataa kukauka. Jinzi ni pamba. Fulana nyingi za kawaida ni pamba. Kitenge nacho ni pamba. Viweke kwa ajili ya jioni, mtoto akiwa ndani ya nyumba. Kwenye lebo ya nguo tafuta maneno haya: "coton" au "katoen" ni pamba, "laine" au "wol" ni sufu, na "polyester" huandikwa hivyo hivyo kwa lugha zote mbili.

Msichana anayevaa sketi anaweza kuendelea nayo: taiti ya michezo ndani, sketi nyepesi juu. Anayejifunika kichwa achukue kitambaa chepesi cha michezo, na kingine cha akiba kikavu.

Mfundishe mtoto kanuni hii: anza kupanda ukisikia baridi kidogo, vua kabla ya jasho kukulowesha, vaa mara tu unaposimama kupumzika.

4. Maneno ya kwenye orodha

Kifaransa cha Ubelgiji kina maneno ambayo hata Mkongomani aliyesoma Kifaransa vizuri yanaweza kumchanganya. Haya ndiyo yanayotuletea simu nyingi:

"Essuie": taulo. Ukiona "2 essuies", weka taulo mbili.

"Gant de toilette": kitambaa kidogo cha kuogea kilichoshonwa kama mfuko, unaingiza mkono. Si glavu za baridi. Mama mmoja aliweka glavu za sufu, mtoto akaogea nazo siku ya kwanza.

"Training": suruali na koti la michezo.

"Bottines" au "chaussures de marche": viatu vya kutembea vinavyofunika kifundo cha mguu. Kwa Kiholanzi, "stapschoenen".

"Pantoufles": ndala au viatu laini vya ndani. Viatu vyenye matope haviingii ndani.

"Gourde": chupa ya maji. Kwa Kiholanzi, "drinkbus".

"Sac de couchage": mfuko wa kulalia. Kwa Kiholanzi, "slaapzak".

"Doudou": mwanasesere au kitambaa ambacho mtoto mdogo hulala nacho. Kama hana, hakuna neno.

"Nominettes": vibandiko vya jina vya kushonea kwenye nguo. Kalamu isiyofutika inatosha. Andika jina la mtoto ndani ya kila nguo, hata soksi.

Neno lolote lililobaki, uliza. Kuuliza si ujinga, na mwalimu anapenda zaidi swali la Mei kuliko mtoto anayetetemeka Julai.

5. Orodha ya siku saba

Hii ni kwa mtoto wa miaka 9 hadi 15. Orodha ya waandaaji ndiyo ya kwanza. Hii inasaidia pale yao isipoeleza.

Za kutembea: fulana 3 za michezo, suruali ndefu 2 nyepesi zinazokauka upesi, kaptura 2, polaire 1, sweta 1, koti la mvua 1, soksi nene pea 3.

Za jioni na usiku: fulana 3 za kawaida, suruali 1 au training, nguo ya kulalia, soksi nyepesi pea 5, chupi 8.

Kichwa na mikono: kofia ya jua, kofia ya sufu, glavu nyepesi. Ndiyo, hata kiangazi.

Miguu: viatu vya kutembea, raba, ndala.

Jua: miwani ya jua, krimu ya jua, krimu ya midomo. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, miale ya jua inayounguza huongezeka kwa karibu asilimia 10. Ngozi nyeusi inakinga kiasi, lakini nayo huungua, na macho ya watu wote ni yale yale.

Maji: chupa ya lita 1, nguo ya kuogelea, taulo 2, kitambaa cha kuogea. Kwenye mabwawa mengi ya Ufaransa mvulana haruhusiwi kuingia na kaptura pana. Anahitaji ile inayobana.

Mengine: begi dogo la kubeba kila siku, plasta za malengelenge, tochi, mfuko wa nguo chafu.

Na nguo moja ambayo haiguswi. Chukua fulana ya michezo, sweta na soksi, zifunge ndani ya mfuko wa plastiki, ziwe chini ya begi dogo kila siku ya kupanda. Mwambie mtoto: hizi si za kuvaa, hizi ni za siku ya mvua. Begi kubwa nalo livishwe ndani mfuko mpya wa takataka kabla ya kupanga nguo. Mabegi mengi hupitisha maji, lakini mfuko huo haupitishi.

6. Pesa kidogo

Msinunue kila kitu kipya. Sisi watu wa mitumba, au wa "chagua" kama wanavyosema wengine, tuna macho ya kazi hii. Maduka ya Les Petits Riens, lile la rue Américaine kule Ixelles na mengine, yana sweta za sufu na makoti ya watoto. Uwanja wa Jeu de Balle, mtaa wa Marolles, una soko la vitu vilivyotumika asubuhi. Kabla ya kununua koti la mvua la mitumba, mwagia maji kidogo juu ya bega: yakiteleza, chukua, yakinyonywa, liache.

Viatu ndivyo vya kutolea pesa, kama zipo. Nenda kujaribu alasiri, miguu ikiwa imevimba kidogo, ukiwa na soksi nene. Mbele ya kidole gumba ibaki nafasi, kwa sababu wakati wa kushuka vidole husukumwa mbele. Kiatu cha mitumba kikunje na uangalie soli. Gundi ya zamani huachia, na soli ikitoka mlimani mtoto hawezi kutembea. Kisha avivae wiki mbili kabla ya safari, shuleni na dukani. Jumapili moja pandeni tramu ya 44 kutoka Montgomery kuelekea Tervuren, mshuke msituni, Forêt de Soignes, mtembee saa mbili na begi mgongoni. Malengelenge ya hapo yana dawa nyumbani.

Kuhusu gharama ya safari yenyewe, mambo mawili. Mituelle nyingi hurudisha sehemu ya gharama za kambi za watoto. Omba fomu kabla mtoto hajaondoka. Na kama mnasaidiwa na CPAS, mwambie msaidizi wenu wa jamii mapema, kwa maandishi, mkiambatanisha karatasi ya shule. Si kila ombi hukubaliwa, lakini ombi la baada ya safari ndilo gumu zaidi.

7. Kilicho muhimu kuliko nguo zote

Ikiwa safari inavuka mpaka, anza na karatasi, nguo zifuate. Kwa mtu mwenye hadhi ya ukimbizi, kadi ya ukaazi peke yake haitoshi; anahitaji pia hati ya kusafiria ya mkimbizi, "titre de voyage", inayoombwa kwenye komini yenu. Mtoto naye awe na yake. Haitoki siku moja, kwa hiyo omba mara tu karatasi ya safari inapofika. Waandaaji wanaweza pia kudai ruhusa ya wazazi iliyotiwa sahihi, pengine na mhuri wa komini. Dawa ziwe kwenye paketi zake, pamoja na karatasi ya daktari, akabidhiwe kiongozi.

8. Sentensi tatu za mtoto

Nguo zitamsaidia mtoto akiwa na mdomo wa kusema. Mimi nilikuwa na mdomo, nikaufunga kwa aibu. Mfundishe sentensi hizi mpaka azitamke bila kufikiri:

"J'ai froid." Nasikia baridi.

"Je suis mouillé." Nimelowa. Msichana huandika "mouillée".

"J'ai mal aux pieds." Miguu inaniuma.

Mwambie wazi kwamba kusema hivyo si kuomba msaada wa maskini. Watoto wa Wabelgiji husema hivyo kila saa. Mwambie pia amwangalie mwenzake: anayetetemeka, anayejikwaa, anayeongea kwa shida au aliyenyamaza ghafla, kiongozi aambiwe hapo hapo. Mtu wa namna hiyo huvuliwa nguo zilizolowa, huvishwa kavu, hufunikwa, na akiwa macho vizuri hupewa kinywaji cha moto chenye sukari. Namba ya dharura Ulaya ni 112.

9. Neno la mwisho

Mwaka jana nilikwenda kumsaidia mama mmoja kumwandaa binti yake. Ameniruhusu kusimulia haya bila jina. Nilikuta valizi mbili kubwa: blanketi, sufuria ndogo, unga, vyeti vyote vya familia, picha za harusi. Binti alikuwa amekaa pembeni, ameinamisha kichwa kwa haya. Nikasema, "Mama, ni siku saba tu." Akanijibu, "Mara ya mwisho kumfungia mtoto mzigo, niliambiwa ni siku mbili."

Sikuwa na la kusema. Wengi wetu tunaujua mzigo ule, unaofungwa usiku kwa haraka, mtu asijue kama atarudi. Mikono yetu imezoea kuchukua kila kitu, kwa sababu kile tulichoacha hatukukiona tena.

Tukakaa sakafuni watatu, tukaanza upya. Picha za harusi zikarudi kabatini. Unga ukarudi jikoni. Blanketi ikarudi kitandani pa binti, na mama akakitandika vizuri, kwa ajili ya siku ya nane. Tulipomaliza lilibaki begi moja, na binti akalibeba mwenyewe mpaka mlangoni na kurudi, kwa majaribio. Kitenge kimoja cha mama kilibaki juu kabisa. Hakikuwamo kwenye orodha, nami sikukitoa.

Zoezi la nyumbani

Wiki moja kabla ya safari, tandazeni nguo zote kitandani. Mtoto, si mzazi, azitaje moja moja: ni ya tabaka gani, na ni ya njiani au ya jioni. Asomeni lebo tano na kutenga pamba. Kisha azipange mwenyewe ndani ya begi, alibebe, apande ngazi za jengo lenu mara tatu. Akishindwa, toeni kitu, lakini si koti la mvua wala ule mfuko usioguswa.

Maswali ya kujadiliana: Nani katika familia yetu aliwahi kuishi mlimani, na alivaa nini? Je, mtoto wetu anaweza kusema "J'ai froid" mbele ya wengine? Karatasi zake ziko wapi leo?

Mkikwama, leteni orodha ofisini, tuisome pamoja. Safari njema kwa watoto, na kurudi kwema.